Maisha ya Ninomiya Sontoku, Mkulima wa Japani

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Miongoni mwa watu mashuhuri ambao majina yao hutajwa katika vitabu vya historia, wengi ni wafalme, majemadari na mabaharia. Ni nadra sana kumkuta mkulima. Walakini, katika nchi ya Japani yuko mkulima mmoja ambaye sanamu yake ilisimamishwa katika viwanja vya shule nyingi mno. Sanamu hiyo yamwonyesha kijana mdogo aliyebeba mzigo wa kuni mgongoni, naye huku akitembea anasoma kitabu. Kijana huyo ni Ninomiya Kinjiro, ambaye ukubwani aliitwa Ninomiya Sontoku. Kwa desturi ya Wajapani jina la ukoo hutangulia, kwa hiyo Ninomiya ndilo jina la ukoo wake.

Nimependa kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari za maisha yake kwa kuwa tulio wengi katika shule hii ni watoto wa wakulima, na wengi wetu husema waziwazi ya kuwa tunasoma ili tusishike jembe. Yeye alisoma, na jembe hakulitupa.

Kinjiro alizaliwa mwaka 1787 katika kijiji cha Kayama, karibu na mji wa Odawara. Wakati ule Japani ilikuwa chini ya utawala wa Shogun, aliyekaa katika mji wa Edo, ambao sasa ndio Tokyo. Nchi iligawanywa kwa mabwana wakubwa, na kila bwana alikuwa na askari wake walioitwa samurai. Chakula cha bwana, cha samurai na cha watumishi wao wote kilitoka katika kodi ya mchele iliyotozwa wakulima. Mkulima akivuna, sehemu kubwa ya mavuno yake hupelekwa ghalani kwa bwana, naye hubaki na kidogo cha kulisha watoto wake.

Babaye, jina lake Riemon, alikuwa na mashamba ya kutosha, yapata eka tano na nusu. Alikuwa mtu mpole aliyependa kuwasaidia wenye shida, hata watu wa kijijini wakamwita mtu mwema. Lakini mwaka 1791, Kinjiro akiwa mtoto wa miaka kama minne, ikaja tufani yenye mvua kubwa. Mto Sakawa ukafurika, tuta la kuzuia maji likabomoka, na mashamba ya Riemon yakafunikwa na mchanga na mawe. Mahali palipokuwa na mpunga pakawa kama ufuko. Riemon akafanya kazi usiku na mchana kuyafufua mashamba yale, akakopa, akauza, na mwisho akaugua.

Ilikuwa sheria ya kijiji kwamba kila nyumba itoe mtu mmoja kwenda kufanya kazi ya kutengeneza tuta la mto. Riemon alipokuwa hawezi, Kinjiro akaenda badala yake, naye hajatimiza hata miaka kumi na mitatu. Aliona haya kwa sababu nguvu zake hazikutosha kazi ya mtu mzima, na watu walimfanyia hisani tu kumhesabu. Basi usiku alikaa akisuka ndara za majani makavu ya mpunga, na asubuhi akawagawia wale waliofanya kazi pamoja naye, maana ndara zao zilichakaa upesi kwa kubeba mawe. Habari nyingine yasema ya kuwa alinunua miche ya misonobari kwa fedha chache alizopata, akaipanda juu ya tuta ili mizizi yake ishike udongo. Tangu utoto wake alikwisha kujua ya kuwa deni la hisani hulipwa, hata na yule ambaye hana kitu.

Mwaka 1800 Riemon akafariki. Kinjiro alikuwa na miaka 13, na chini yake walikuwako wadogo zake wawili, mmoja angali mchanga. Mama yao alishindwa kuwalisha wote watatu, akampeleka yule mdogo kwa jamaa. Lakini usiku mama hakulala. Maziwa yalimjaa kifuani, akalia kimya kimya akimkumbuka mwanawe. Kinjiro alipojua sababu, akamwomba mama amrudishe mtoto, akiahidi kuamka mapema zaidi ili ule mdomo mmoja upate chakula. Tangu siku hizo akawa huenda mlimani alfajiri kukata kuni na kuziuza mjini Odawara, na jioni husuka kamba na ndara. Njiani, kwenda na kurudi, alisoma kitabu cha mafundisho ya Kichina kiitwacho Daigaku, akirudia maneno kwa sauti mpaka watu wakamdhani ana wazimu. Kutokana na habari hii ndipo sanamu ile ilipopatikana.

Mwaka 1802 mama naye akafariki. Muda mfupi baadaye mto Sakawa ukafurika tena na kuchukua kile kidogo kilichosalia. Sasa nyumba ya Riemon ikavunjika kabisa. Watoto wawili wadogo walichukuliwa na jamaa wa upande wa mama, na Kinjiro akaenda kukaa kwa baba yake mkubwa aliyeitwa Manbei. Ukiwa ulioje! Katika muda wa miaka miwili alipoteza baba, mama, ndugu na shamba.

Huko kwa Manbei alifanya kazi za shamba mchana kutwa, na usiku akawasha taa asome. Manbei akamkemea kwa kupoteza mafuta, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa ghali na mkulima hana haja ya kitabu. Wengi wanaosimulia habari hii humlaumu Manbei kuwa ni bahili. Mimi naona si haki kumlaumu sana, maana yeye pia alikuwa na nyumba ya kulisha, na mtoto aliyepewa alikuwa mdomo wa ziada. Kinjiro mwenyewe hakumjibu kwa ukali. Alikopa kwa rafiki yake mbegu chache za mmea wa jamii ya haradali ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, akazipanda kando ya mto mahali pasipokuwa pa mtu. Mwaka uliofuata akavuna, akazipeleka kwa mkamuaji akabadilishana kwa mafuta, naye akasoma kwa mafuta yake mwenyewe.

Jambo la pili alilofanya huko ndilo lililoongoza maisha yake yote. Msimu wa kupandikiza mpunga, wakulima walipomaliza kazi, waliitupa miche iliyozidi. Kinjiro akaiokota, akaipanda katika shimo la mfereji wa zamani lililoachwa na mafuriko. Katika saa zake za mapumziko akaipalilia. Alipovuna, akapata gunia moja la mpunga. Gunia moja kwa mkulima mwenye shamba si kitu. Lakini lile lilitoka katika miche iliyotupwa na ardhi iliyotupwa, tena ardhi ya namna hiyo haikutozwa kodi kwa miaka ya mwanzo. Mpunga ule akautumia kuwa mbegu na mtaji, na mwaka baada ya mwaka ukaongezeka. Sisi husema haba na haba hujaza kibaba. Kinjiro hakujua methali yetu, lakini kibaba chake alikijaza hivyo hivyo.

Mwaka 1806, akikaribia umri wa miaka 19, alirudi Kayama. Nyumba ya baba yake ilikuwa imeinama na majani yameota hata ndani. Akaitengeneza, akakaa peke yake, akaanza kuyakomboa mashamba yaliyowekwa rehani, kipande kimoja baada ya kingine. Mdogo wake mmoja alifariki angali mtoto, hakuwahi kuiona nyumba ile ikisimama tena. Hata kufika mwaka 1810 Kinjiro alikuwa na eka kama tatu na nusu, na baada ya miaka michache mingine alikuwa na eka kama tisa, zaidi ya zile alizokuwa nazo babaye. Alipokuwa mtu mzima alikuwa pandikizi la mtu, mrefu kuliko wenzake wote, na mikono yake ilikuwa migumu kama mpini.

Sifa zake zikamfikia Hattori Jurobei, mmoja wa wakubwa wa serikali ya Odawara, ambaye nyumba yake ilikuwa imezama katika madeni. Kinjiro akaitwa aitengeneze. Alianza jikoni. Aliwafundisha wapishi kukwangua masizi chini ya vyungu, maana chungu chenye masizi hakipati moto upesi, nacho hula kuni nyingi. Kuni zilizookolewa alizihesabu kuwa mali ya wale waliozibakiza, nao wakapata faida. Bwana mwenyewe na jamaa zake wakatakiwa wavae nguo za pamba na kuridhika na wali na mchuzi. Watumishi wa nyumba ile walikuwa wakikopa kwa riba kubwa, kwa hiyo Kinjiro akaanzisha mfuko wa kukopeshana wao kwa wao. Mmoja akishindwa kulipa, wenzake walichangia deni lake. Mwaka 1820 mpango wa namna hiyo ukaenezwa kwa samurai wa Odawara. Kwa hiyo Japani ilikuwa na chama cha akiba na mikopo miaka mingi kabla ya vile vyama vya Ujerumani vilivyoanza katikati ya karne ya 19.

Mwaka huo huo alitengeneza kibaba kimoja cha halali cha kupimia mchele wa kodi. Zamani watoza kodi walikuwa na vipimo mbalimbali, na kwa kawaida kipimo cha kupokelea kilikuwa kikubwa. Kipimo kilipokuwa kimoja, mkulima alijua anachotoa, na mtoza kodi akakosa mahali pa kujificha. Ni kijisanduku cha mbao tu, lakini wakulima wa Odawara walipata nafuu kwacho.

Mambo ya nyumbani kwake hayakuwa mepesi. Alioa mwaka 1817, mtoto wao akafa akiwa mchanga, na kwa kuwa mume alikuwa daima kazini kwa watu wengine, mke hakuvumilia, wakaachana mwaka 1819. Mwaka 1820 alioa tena, akampata Namiko, na mwaka 1821 wakapata mtoto wa kiume, Yataro. Baadaye alizaliwa binti, Fumiko.

Sasa nafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, maisha yake yalipimwa. Bwana wa Odawara, Okubo Tadazane, alikuwa na jamaa zake waitwao Utsu, wenye vijiji vitatu mahali paitwapo Sakuramachi, kaskazini ya Edo, safari ya zaidi ya kilomita 150 kutoka Kayama. Vijiji vile vilikuwa vimekufa. Zamani palikuwa na nyumba zaidi ya 400, sasa zilibaki kama 150. Mashamba yalikuwa msitu, na waliobaki walikuwa wakicheza kamari, kunywa pombe na kugombana. Bwana Tadazane alikwisha kutuma maofisa na fedha, na fedha zote ziliyeyuka bila ya kuonekana kazi yake. Akataka kumtuma Kinjiro. Kinjiro akakataa mara nyingi. Mwishowe akakubali kwenda kuchungua.

Alikwenda nyumba kwa nyumba, akapima mashamba, akatazama maji na udongo, akasoma hesabu za kodi za miaka mingi iliyopita. Kisha akamwambia bwana jambo la ajabu, ya kuwa fedha zisitolewe kabisa. Fedha za bure ndizo zilizokuwa zikiwaharibu watu, maana wakubwa wa vijiji waligombea kuzitumia na wakulima waliacha jembe wakizingojea. Ardhi iliyolala, akasema, ifufuliwe kwa nguvu ya ardhi yenyewe: eka moja ilimwe, mavuno yake yagharimu eka ya pili, na ya pili ifungue ya tatu. Lakini palikuwa na sharti. Bwana Utsu ajiwekee mpaka wa matumizi yake, apokee kama magunia 1000 ya mchele kwa mwaka kwa muda wa miaka kumi, na kila kilichozidi kiachwe kijijini kifanye kazi. Pasipo mpaka huo, alisema, kulima zaidi ni kujaza maji katika pakacha. Bwana Tadazane akakubali.

Kazi yenyewe yahitaji mtu akae huko. Kinjiro alikuwa na eka zake tisa, nyumba aliyoifufua kwa mikono, makaburi ya wazazi karibu na mlango, mke kijana na mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Akishika mashamba yake mwenyewe, alifikiri, ataokoa nyumba moja. Akiyaacha, huenda ataokoa nyumba za mamia. Mwaka 1823 akauza mashamba, nyumba na vyombo, akachukua fedha yote iwe mtaji wa kazi ya Sakuramachi, akaondoka na Namiko na Yataro. Msomaji afikiri kidogo. Kila kipande cha shamba lile alikuwa amekikomboa kwa miaka ya utoto na ujana wake, kwa kuni, ndara na miche iliyookotwa. Mtu mwingine angeweza kuuza shamba la kurithi bila uchungu. Hili alilinunua kwa jasho.

Huko Sakuramachi aliamka kabla ya mapambazuko akazunguka vijiji vyote vitatu kwa miguu, mvua au theluji. Aliwaagiza wanakijiji wapige kura wao wenyewe kuchagua mkulima mwenye bidii kupita wote, na aliyechaguliwa alipewa zawadi ya jembe, au fedha, au kutengenezewa nyumba. Mwenye deni alikopeshwa fedha bila riba. Kwa mfano, aliyekopa ryo 10 alilipa 2 kila mwaka kwa miaka mitano, na mwaka wa sita alitoa 2 nyingine kuwa shukrani, nazo zikaenda kumkopesha jirani aliyefuata.

Inasimuliwa ya kuwa siku moja alipokuwa akikagua kazi, alimwona kibarua mmoja akilima kwa nguvu za ajabu, jasho lamtiririka. Wote walidhani atasifiwa. Kinjiro akamwuliza kama aweza kulima hivyo tangu asubuhi hata jioni, na yule mtu akanyamaza, maana alifanya hivyo kwa kuonwa tu. Akakemewa mbele ya wote. Palikuwa na mzee mwingine, mgeni, ambaye kila siku alichimba visiki vya miti. Kazi yake ilikuwa ya polepole, wenzake walimcheka, nao wakati wa kupumzika aliendelea na kisiki chake. Wakati wa malipo Kinjiro akampa mzee huyo fedha nyingi kuliko ujira wake, kwa sababu wengine walichagua sehemu nyepesi ili eka zao zionekane nyingi, na yeye aliondoa vile ambavyo vingevunja majembe ya wote. Sisi tunaofanya kazi ya shamba la shule siku ya zamu, na kuinua majembe juu zaidi mwalimu anapopita, twaweza kucheka habari hii, lakini kicheko chenyewe si cha raha sana.

Isidhaniwe ya kuwa watu walimpokea kwa furaha. Wenyeji walimwona kuwa mkulima kama wao anayejitia ukubwa, na maofisa samurai hawakupenda kuongozwa na mtu wa jembe. Walileta fitina, waliharibu mipango yake, wakapeleka mashtaka Odawara. Mwanzoni mwa mwaka 1829 Kinjiro akatoweka. Watu wakamtafuta kila mahali, na mwisho wakasikia yuko katika hekalu la Narita, ambako alifunga kwa siku 21. Alikuwa akijiuliza kama kosa liko kwa adui zake au liko moyoni mwake mwenyewe. Alipokuwa hayuko, watu wa Sakuramachi wakaona wazi maana ya kuwapo kwake. Wakaenda kumwita, akarudi, na tangu siku hiyo wengi waliompinga wakafanya kazi pamoja naye. Kufika mwaka 1831, mwisho wa muda wa kwanza, mavuno yalikuwa yamepanda sana na ghala lilikuwa na akiba.

Akiba ile ilikuja kwa wakati wake. Mwanzo wa kiangazi cha mwaka 1833 Kinjiro alikula biringani, akaona ladha yake ni ya biringani za mwisho wa msimu. Akatoka akatazama majani ya mimea na mizizi yake, akajua ya kuwa joto la mwaka ule halitatosha na mpunga hautazaa. Mara akaamuru kila nyumba ipande robo eka ya hie, nafaka ndogo mfano wa ulezi, ambayo hustahimili baridi, na kodi ya kipande hicho akaisamehe. Watu wakanung'unika. Kiangazi kikawa cha baridi na mvua, mpunga ukaharibika, na njaa kubwa ikaingia Japani, njaa iliyorudi kwa ukali zaidi mwaka 1836. Katika nchi watu wengi mno walikufa. Katika vijiji vya Sakuramachi hakufa mtu kwa njaa.

Bwana Tadazane, akiwa mgonjwa, akamwagiza akaokoe watu wa Odawara. Kinjiro alifika huko mwaka 1837. Maofisa walikuwa wakibishana kama inafaa kufungua maghala bila hati kutoka Edo. Inasimuliwa ya kuwa aliwataka wasile chakula chao cha mchana mpaka wamalize shauri lao, kwa kuwa wale ambao habari zao zinajadiliwa hawajala. Maghala yakafunguliwa siku ile. Bwana Tadazane akafariki mwaka huo huo, na Kinjiro akapoteza mtu aliyemwamini kuliko wote.

Mwaka 1842 serikali ya Shogun ikamwita katika utumishi wake, naye akachukua jina la Sontoku. Mabwana wa sehemu mbalimbali walituma watu kujifunza kwake, na katika nchi ya Soma mipango yake ilifuatwa kijiji baada ya kijiji tangu mwaka 1845. Lakini mwaka 1846 maofisa wa Odawara, ambao hawakupenda kuwekewa mpaka wa matumizi, wakaifuta mipango yake katika nchi yao, wakamkataza hata kuonana na watu wa huko. Mtu aliyeuza shamba lake kwa ajili ya bwana wa Odawara akafungiwa njia ya kwenda kijijini kwao, yalipo makaburi ya baba na mama. Naona huu ndio uchungu mkubwa kupita wote alioupata, na hakuna kitabu kielezacho ya kuwa alilipiza.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kufufua vijiji 89 katika ardhi ya Nikko. Alitumia zaidi ya miaka miwili kuandika mpango wake, akangoja miaka mingi kupata ruhusa, nayo ilipokuja mwaka 1853 alikuwa mgonjwa. Mwaka huo huo binti yake Fumiko, aliyekuwa ameolewa na mwanafunzi wake Tomita Takayoshi, alifariki kwa uzazi. Mzee aliendelea kutembelea vijiji, na aliposhindwa kutembea mwanawe Yataro akaenda badala yake, kama vile yeye alivyokwenda katika tuta la mto badala ya Riemon. Alifariki mwaka 1856 mjini Imaichi. Hakuacha shamba wala mali. Aliagiza asijengewe kaburi la mawe, bali udongo urundikwe na mti upandwe juu yake.

Baada ya kufa kwake Tomita aliandika maisha yake katika kitabu kiitwacho Hotokuki, na kutoka humo zimetoka habari nyingi zinazosimuliwa. Vyama vya wakulima vilivyofuata mafundisho yake vikaenea. Mjukuu wake alikwenda Hokkaido, kaskazini kabisa ya nchi, mwaka 1897, akafungua mashamba mapya pamoja na wakulima wa Soma. Katika karne ya 20 sanamu za Kinjiro zikajaa mashuleni, na serikali ikamtumia kuwafundisha watoto utii. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nyingi za sanamu zile za shaba ziliyeyushwa kutengeneza silaha, lakini mwaka 1946, vita vilipokwisha na nchi iko magofuni, picha yake ikachapwa katika noti ya yen moja. Noti ndogo ndiyo iliyomfaa.

Wenzangu, mtihani wetu u karibu, na wengi tutarudi vijijini kungoja majibu. Huko tutakuta shamba, nasi tutakuwa na kitabu. Sidhani ya kuwa Kinjiro alitaka kila mtu awe mkulima. Lakini maisha yake yaonyesha ya kuwa hesabu tunazofundishwa zaweza kupima ghala, maandishi yaweza kuweka daftari la deni la jirani, na elimu ya mimea yaweza kumwonya mama yetu kabla ya njaa. Kijana wa Kayama alikuwa na kitabu kimoja tu, na mzigo wa kuni. Sisi tuna vitabu zaidi yake. Miche iliyotupwa haikosekani katika kijiji cho chote. Anayetakiwa ni wa kuiokota.